Shahidi wa Ndwiga

Tangu nirudi mmekuwa mkija mmoja mmoja, jioni kabla kengele ya kijiji haijalia, mnakaa karibu na moto wangu na kuniuliza kwa sauti ya chini ilikuwaje. Kila mmoja nimemjibu kipande. Kuna waliosikia ya Chuka tu, kuna waliosikia ya Timau, na kuna waliosikia yote kutoka kwa watu ambao hawakuwapo. Basi nimeona niyaandike tangu nilipotoka mpaka nilipofika, anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe. Habari ya pasi, ile karatasi ya ruhusa ya kusafiri, nitairuka. Mnajua wenyewe jinsi mtu anavyokaa mlangoni kwa chifu akiisubiri.

Karatasi hutembea, na huenda hii ikamfikia asiyetujua. Kwa huyo nitasema kwamba mimi ni Wawira, mama yake Njeru, mke wa Ndwiga seremala wa huku Runyenjes. Sisi ni watu wa sala, wale wa vitambaa vyeupe kichwani, tuliotoka misheni kabla ya vita hivi. Hatuapi. Si kwa damu ya mbuzi, si kwa jiwe, si kwa Kitabu. Kwetu mtu husema ndiyo au husema hapana, na hilo humtosha. Kwa sababu hiyo watu wa msituni, wanaopigana na serikali, walimvunja mkono Mzee Mbogo, kiongozi wetu, alipokataa kiapo chao. Na serikali nayo ikaifunga nyumba yetu ya sala, ikasema haikuandikishwa, na kwamba wanaokusanyika bila ruhusa ni watu wanaopanga vita.

Kisha askari waliwapanga wanaume wote uwanjani. Akaletwa mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, akapita mbele yao, na kila alipotikisa kichwa mtu alitolewa mstarini. Alitikisa kichwa mbele ya Ndwiga. Ikasemwa kwamba Ndwiga alikula kiapo katika shamba la kahawa, ule usiku wa mvua kubwa iliyobomoa vivuko.

Usiku ule Ndwiga alikuwa ndani ya Mto Ena. Lori la Bwana Salimu, mfanyabiashara Mwislamu wa Meru mjini aliyekuja kununua maharagwe, lilizama magurudumu pale kivukoni, na mume wangu alikwenda na mbao zake kulitoa. Kulipokucha Salimu alikuja kujikausha jikoni kwangu, nikampa uji. Kwa hiyo shahidi alikuwapo. Tuliposikia kwamba Ndwiga yuko kambi moja karibu na Timau, na kwamba wafungwa wa huko watasikilizwa kabla ya kupelekwa mbali zaidi, nyinyi ndio mlionituma nikamtafute Salimu.

Kutoka Runyenjes hadi mto Thuci

Nilitoka lango lilipofunguliwa. Nilivuka daraja la mbao juu ya handaki, nikapita kati ya ile miti iliyochongwa ncha, na homugadi wa zamu, mlinzi wa kijiji aliye upande wa serikali, akalifungua kapu langu na kutoboa nduma zangu moja moja kwa kisu kuona kama zimeficha risasi. Nilikuwa nimezichemsha alfajiri. Zilizotobolewa zilichacha upesi, na nyingi nilizitupa kabla ya jua kusimama utosini.

Barabara ilikuwa tupu. Mashamba yaliyo mbali na vijiji yalikuwa yamemezwa na magugu, na migomba ilikuwa imelala na mikungu yake juu ya ardhi, haina wa kuikata kwa sababu ya kafyu. Mbele kidogo nilimkuta mama mmoja wa makamo amebeba kuni, tukaandamana. Hakuniambia jina wala sikumwambia langu. Siku hizi mtu akikupa jina lake amekutwika mzigo. Ila aliniambia ana wana wawili, mmoja ni homugadi na mwingine yuko msituni, na kwamba anamwombea kila mmoja asikutane na mwenzake. Aliniuliza watu wa sala huombaje jambo la namna hiyo. Nilimsaidia kushusha kuni pale njia yake ilipogawanyika na yangu, nikateremka peke yangu kwenda Thuci.

Ukivuka Thuci umetoka Embu, umeingia Meru. Maji yalikuwa machache, lakini askari wa upande wa pili walinikalisha juu ya mawe mpaka jua likaanza kupoa, wakimngoja mkubwa wao aliyekuwa amekwenda kuoga. Aliporudi aliitazama pasi kwa nukta mbili tu, akaniruhusu.

Chuka

Chuka nililala kwa mama mmoja muuza uji ambaye mlango wake uko karibu na kituo cha walinzi. Aliniona nimechoka akaniita. Asubuhi tulikula nduma na uji wa wimbi, mimi, yeye na dada yake, nikaaga.

Kwenye kizuizi cha barabara palikuwa na mlinzi mgeni, kijana mrefu mwenye koti kubwa kuliko mwili wake. Alitazama kitambaa changu, akaniuliza kwa Kiswahili, "Wewe mama, umekula?"

Nikadhani ni utu. Nikamwambia nimekula, ahsante.

"Umekula lini?"

"Leo asubuhi."

"Hapa Chuka?"

Nikasema ndiyo. Akauliza tulikuwa wangapi, nikasema watatu. Akauliza ni nani aliyetulisha, nami kwa ujinga wangu nikageuka nikamwonyesha kwa kidole mlango wa yule mama. Hapo ndipo alipopuliza filimbi. Nilikuwa sijatambua kwamba mtu akikuuliza umekula siku hizi haulizi habari ya chakula.

Walitufunga sote watatu katika banda la kuwekea majembe na mabati. Dada yake yule mama alilia mchana kutwa. Mwenyewe hakulia, wala hakunilaumu, na hilo liliniumiza zaidi. Tulipigwa, si sana, kwa mkanda. Kila walipotuuliza tulikula nini tulisema nduma, na wao wakaona tumepatana neno la siri. Siku ya pili alikuja sajini mzee Mmeru, akatusikiliza, akamwita yule kijana kando, na nikawasikia wakicheka nyuma ya banda. Tukaachiwa. Lakini sufuria ya yule mama ilikuwa imemwagwa na kupasuliwa, na watu waliozoea kununua uji wake walipita upande wa pili wa barabara, kwa sababu alikuwa ametoka kituoni. Nilitaka kumsemesha. Aliniambia niende tu, na kwamba mara nyingine nikipita Chuka nipite njia ya chini.

Meru mjini

Kutoka Chuka nilipata lori la mbao mpaka Nkubu, na kutoka Nkubu nilikwenda kwa miguu. Nilifika Makutano adhuhuri, pale barabara zinapokutana na malori yanapopumzika, nikauliza nyumba ya Salimu mwenye lori la kijani. Mtu wa kwanza niliyemwuliza alinionyesha.

Mkewe, Mama Zuhura, ndiye aliyenifungulia. Aliona kitambaa cheupe, aliona vumbi, akanipa salamu ya Kiislamu, akanivuta ndani na kuniletea birika la maji na mkeka safi, akasema nitawadhe upesi kabla sala haijapita. Nilibaki nimeshika birika. Sikutaka kumdanganya wala sikutaka kumwaibisha. Nikamwambia kwamba mimi ni Mkristo, wa wale wanaofunga vitambaa, na kwamba tunasali vilevile, ila kwa namna nyingine. Akasema, "Maji ni maji, dada. Nawa uso wako." Akaenda kusali chumba cha pili, nami nikasali palepale ukumbini juu ya mkeka wake. Wapenzi, tangu nyumba yetu ifungwe hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyosali mchana kwa sauti yangu ya kawaida. Msikiti wao una mlango na watu wanaingia. Sikuwaonea wivu, lakini niliiona tofauti.

Tulikula chapati na mchuzi wa mbuzi. Salimu alirudi jioni, na aliponiona alijua. Alisema jina la Ndwiga kabla yangu. Nilimweleza yote, naye akasikiliza huku akivunja chapati vipande vidogo ambavyo hakuvila.

"Shemeji," akasema mwishowe, "mimi ni mtu wa barabara. Hawa wakitaka kuniua hawatanipiga risasi. Watanifungia barabara."

Akaeleza kwamba wakubwa wa msikiti wamewaonya wafanyabiashara wote wasijiingize katika mambo ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Serikali inawaacha Waislamu wasali kwa sababu wanakaa kando. Ndugu yake, mwenye duka, alikuja akasema hayohayo kwa sauti kubwa zaidi, akiniangalia mimi. Mama Zuhura alikuwa akikunja nguo. Alimwuliza mumewe swali moja tu. "Kama hujui kitu, kaa. Lakini ikiwa unajua, utakaaje?"

Salimu alitoka na taa kwenda kulitazama lori. Nilikaa kwao siku nyingine nikisaidia kuchambua mchele, nikihesabu moyoni kwamba huenda Ndwiga ameshapelekwa. Ijumaa Salimu alikwenda kusali, akarudi, akabadilisha kanzu, akaniambia nipande lori.

Timau

Njia ya Timau inapanda mpaka mtu anasahau kwamba aliwahi kuona joto. Mlima unakuwa kushotoni, na kila upande ni ngano ya wazungu, shamba baada ya shamba. Upepo wa huko hauna kizuizi. Nilijifunga blanketi la Mama Zuhura na bado meno yaligongana.

Lori lilichemsha maji karibu na nyumba za vibarua wa shamba moja, tukasimama lipoe. Wanawake wawili walitoka na viazi vya kuchemsha na kabichi isiyo na chumvi, wakatupa. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni anayehema kama mtu aliyekimbia. Aliuliza kama ni kweli sisi wa vitambaa vyeupe tunawaombea wagonjwa. Nikasema ni kweli, ila nikamwambia pia ampeleke hospitali. Akasema bwana mwenye shamba hatoi ruhusa ya kutoka mpaka mavuno yaishe. Basi nikaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, mama yake akafumba macho, mwenzake naye akasogea.

Sikuwa nimemaliza neno la tatu nyapara akaja juu ya farasi. Aliuliza mkutano huu ni wa nini. Salimu akamwambia si mkutano, ni wanawake na mtoto. Nyapara akasema wanawake watatu wamefumba macho pamoja ni mkutano, na kama ningependa kuombea watu niende kwenye kanisa la bwana, lililo na ruhusa, Jumapili, wakati wa ibada. Yule mama alimrudisha mtoto mgongoni, akaingia ndani. Tulipoondoka niliendelea na sala ile kimya ndani ya lori mpaka nikaimaliza, lakini sijui kama mtoto aliishi.

Chini ya mabati

Kambi iko mahali pa wazi. Waya, mnara wa mbao, mabanda, na katikati paa la mabati lisilo na kuta, ambapo wafungwa husikilizwa. Walikuwa wamechuchumaa mistari mistari, mikono kichwani. Nilimtafuta Ndwiga kwa muda, kumbe macho yangu yalikuwa juu yake. Alikuwa amenyolewa, shingo imekuwa nyembamba, na mguu wake mmoja ulikuwa umevimba kuanzia goti.

Mbele walikaa wazee wawili wa Kimeru, karani wa kutafsiri, na Bwana Shauri, yaani ofisa wa serikali anayeamua kesi, Mzungu kijana mwenye kikohozi. Sitamsema vibaya kuliko alivyokuwa. Hakupiga kelele. Alionekana amechoka na alitaka siku iishe.

Salimu aliitwa. Aliulizwa dini yake, akaletewa Kurani iliyofungwa kwa kitambaa, akaapa, akasema yote: mto, mbao, maji yalivyomfika Ndwiga kifuani, uji wangu asubuhi. Alisema vizuri. Bwana Shauri aliandika, kisha akasema mfanyabiashara huwa na marafiki kila mahali. Akauliza kama kuna mtu mwingine aliyemwona Ndwiga usiku ule. Salimu akanigeukia.

Karani akauliza dini. Nikasema Mkristo. Akanisukumia Biblia, akaniambia niishike na kusema maneno nyuma yake.

Nikamwambia nitasema kweli yote ninayoijua, ila siapi.

Alimwambia Mzungu jambo fupi kwa Kiingereza. Kile kidogo nilichojifunza misheni kilinitosha kuelewa kwamba alisema nimekataa kusema. Nikamwambia, "Hukutafsiri sawa. Sijakataa kusema. Nimekataa kuapa."

"Ni kitu kimoja," akasema karani.

Bwana Shauri alitaka kujua tunabishana nini. Alipoelezwa alinieleza kwa upole, kupitia karani, kwamba serikali haimlazimishi mtu kuacha dini yake. Mwislamu ana kitabu chake, Mkristo ana chake, na wasio na kitabu wana jiwe na mbuzi wao. Niseme tu yangu ni ipi, italetwa. Nikamwambia yangu ni ile isiyokuwa na kitu cha kushika. Watu waliokuwa nyuma walicheka.

Ndipo mmoja wa wale wazee aliposema kwa Kimeru, nami nikamwelewa bila mkalimani, kwamba waliokula kiapo cha msituni ndio wasioweza kushika kiapo kingine, kwa kuwa wanaamini kitawaua. Karani akakitafsiri hicho vizuri kabisa. Bwana Shauri akatikisa kichwa na kuchovya kalamu. Nikaona maneno yangu yalikokwenda. Nilikuwa nimekuja kumtoa Ndwiga, na kwa kuuzuia mkono wangu nilikuwa namfunga.

Yule mtu wa gunia hakuulizwa dini yake. Hakuletewa kitabu wala jiwe. Alitikisa kichwa tu, ikatosha.

Salimu alinong'ona, "Shemeji, wanaandika." Nilimtazama Ndwiga. Hakunipa ishara yoyote, si ya kunizuia wala ya kunisihi. Aliangalia chini. Nadhani alifanya hivyo makusudi, ili jambo liwe langu.

Nilishika Kitabu. Nikayasema yale maneno nyuma ya karani, moja baada ya jingine, mpaka mwisho. Kisha nikasema kweli ileile ambayo ningeisema bila hayo: kwamba nilimwona akitoka usiku na mbao zake, na kulipokucha Salimu akaja kujikausha jikoni kwangu.

Sasa waliniamini. Walishauriana muda mfupi, na Bwana Shauri akatangaza kwamba Ndwiga hakuwa katika shamba la kahawa usiku ule. Nikapiga hatua kuelekea alipochuchumaa Ndwiga. Lakini Mzungu alikuwa hajamaliza. Alisema kuwa sheria ya kambi ni kwamba hapana arudiye nyumbani bila kusafishwa. Ndwiga asimame, ataje kiapo alichokula, ataje aliyemlisha, aape kiapo cha kukitapika kile cha kwanza, kisha apande lori pamoja na mkewe.

Ndwiga alisimama kwa shida. Akasema, "Mmesema sasa hivi kwamba sikula."

Karani akamwambia hilo lilikuwa la usiku ule mmoja. Usiku mwingine upo. Kila aliye kambini alikula wakati fulani, la sivyo angekuwa kambini kwa sababu gani?

"Siwezi kutapika nisichokula," akasema Ndwiga.

Bwana Shauri alimsubiri. Kweli alimsubiri, mpaka mzee mmoja akaanza kusinzia. Halafu akafunga daftari, wakamwita mwingine.

Kwenye waya

Salimu alizungumza na mlinzi mmoja Mwislamu, na kwa ajili yake niliruhusiwa kumpa Ndwiga chakula kupitia waya, mlinzi akiwa ametupa mgongo. Nilimpa chapati za Mama Zuhura. Alikula nusu, nusu akaificha ndani ya shati kwa ajili ya mwenzake anayelala pembeni yake.

"Uliona nilichofanya," nikamwambia.

"Niliona."

"Nilikosa?"

Alitafuna kwanza akameza. "Ulichoapia kilitokea. Wanachotaka mimi nikiapie hakikutokea. Wangeniambia niape kwamba nilikuwa mtoni, Wawira, ningeshika hata hicho Kitabu chao. Nataka kurudi nyumbani kuliko unavyojua."

Nikamsihi. Haya ninayaandika wazi kwa sababu mlinituma. Nilimwambia aseme tu alikula, aseme chochote, atapike, arudi. Njeru anauliza habari zake kila siku. Nilimwambia Mungu anaona ndani ya mtu.

"Mungu anaona," akasema. "Lakini hawa wanataka jina. Ukisema ulikula lazima useme nani alikulisha. Nimewaambia simjui, wakaniambia hawana haja ya mimi kumjua, wanalo jina tayari, kazi yangu ni kulisema."

"Jina la nani?"

"Mbogo," akasema. "Wanasema sala zetu ndizo zilizokuwa kiapo."

Nikaushika waya. Mlinzi akakohoa, maana yake tumalize. Ndwiga aliniuliza kama paa la nyumba bado linavuja upande wa mashariki, nikamwambia linavuja, akanieleza ni ubao gani wa kubadilisha na wapi ameweka misumari. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, misumari.

Asubuhi walipakiwa. Nilisimama barabarani na blanketi la watu mabegani. Lori liligeukia upande wa Isiolo, kwenye nchi ya jua, na kutoka pale wengine wakasema wanapelekwa mbali zaidi, wengine wakasema ng'ambo ya ziwa. Sikumwona usoni. Walikuwa wamekalishwa chini wote, nikaona vichwa vilivyonyolewa tu, na vyote vinafanana.

Kurudi

Tulirudi mimi na Salimu mpaka Makutano. Pale kizuizini ofisa aliomba karatasi zake, akazishika, hakuzirudisha. Akamwambia kuanzia siku hiyo lori lake halivuki kwenda upande wa Embu wala vijiji vya chini, mpaka itakapoamuliwa vingine. Hakuelezwa kosa. Salimu alishukuru, akawasha lori, akalipeleka nyumbani, akalizima. Nilijaribu kumwomba radhi. Alisema kwamba alijua alipokuwa akibadilisha kanzu Ijumaa ile, na kwamba nisimwombe radhi kwa jambo alilolichagua mwenyewe. Lakini hakuweza kunitazama aliposema hivyo, na nduguye alikuwa amesimama mlangoni. Mama Zuhura alinifungia vitumbua na kunisindikiza mpaka barabara kuu. Tulikumbatiana kama watu wasiotarajia kuonana tena.

Nilirudi kwa miguu, na Chuka nilipita njia ya chini kama nilivyoombwa. Miguu ilifura, ikapasuka, ikapona kidogo. Siku nilipoingia langoni hapa Njeru alikimbia mpaka kwangu, kisha akaangalia nyuma yangu.

Yaliyofuata mnayajua, lakini nitayasema kwa sababu ni sehemu ya safari. Habari ilikuwa imenitangulia. Mzee Mbogo aliniita mbele yenu pale tunapokutana kwa siri, akasema Ndwiga amesimama imara na ni nguzo yetu, na kwamba mimi nimekula kiapo. Akasema nitakaa nje ya sala mpaka nitubu. Wengi wenu mliangalia chini, na wengine mmekuja kwangu baadaye kuniambia nitubu tu, ni maneno machache, mambo yaishe.

Nimeyafikiri hayo maneno machache. Nikisema nilitenda dhambi nitakuwa nasema kwamba Ndwiga hakuwa mtoni, au kwamba ingekuwa afadhali asiwe na wa kumsemea. Siwezi kusema hata moja kati ya hayo mawili. Mume wangu ameketi penye jua kwa sababu hataki kukiri asichokula. Mimi sitakiri kwamba nilichokisema ni kibaya, ili nipate mahali pa kukaa.

Mzee Mbogo, unaheshimiwa, na mkono wako uliovunjwa sote tunauona. Lile jina walilomtaka Ndwiga alitaje kule Timau sikulitaja mbele ya watu, kwa sababu niliogopa ungeona ninakudai. Sasa limeandikwa, na wewe ndiwe utakayesomewa kwanza. Jumapili nitakuja kusali na Njeru. Sitakaa nje.